Kaka, Yale Mabega Hayakuwa Yako

Kaka,

Nasikia unawaambia watu kwamba nimenuna. Shemeji ameambiwa, Mama mkubwa wa Kigoma ameambiwa, hata yule jirani yetu wa zamani aliyehamia Liège, ambaye sijamsikia tangu nasuka mabutu, amenipigia kuniuliza kwa nini nilikutia aibu siku ya harusi ya mdogo wetu. Basi kwa kuwa kesi umeshaipeleka kwa watu, na mimi naijibu mbele ya watu.

Sikununa. Nilitoka ukumbini. Nilitoka pale uliposhika kipaza sauti ukasema, "Huyu bi harusi mnayemwona hapa, mimi ndiye niliyembeba mabegani kutoka Buyenzi mpaka mpakani, kama Bourvil kwenye ile filamu." Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akaomba muziki, shangazi zetu wakainuka na vigelegele kuja kukutunza, noti zikabandikwa kwenye paji la uso. Mama, pale mbele, alikuwa anaitazama sahani yake ya pilau kana kwamba amepoteza kitu ndani yake. Na mpiga video, ambaye ulimlipa wewe, alikuelekezea kamera muda wote.

Wewe ndiye uliyelipia na ukumbi. Najua. Kila mtu anajua, uliwaambia.

Hivi ile filamu unaikumbuka, au siku hizi unalikumbuka bango lake tu? Maana mimi naikumbuka kwa sauti yako. *La Grande Vadrouille*, ile filamu ya Kifaransa ya kuchekesha ya Bourvil na Louis de Funès. Deki ya video juu ya stuli, watoto wa mtaa wamejaa barazani, wewe umesimama kando ya televisheni na fimbo yako unatufasiria Kifaransa, na sote tunajua nusu ya maneno unayatunga. Ndege ya Waingereza imetunguliwa juu ya Paris, mwaka ni 1942, wanajeshi wanashuka kwa miavuli. Mmoja anaangukia jukwaa la fundi rangi, rangi inammwagikia ofisa wa Kijerumani. Mwingine juu ya paa la Opera. Yule wa masharubu, kwenye bustani ya wanyama. Halafu kule kwenye hamamu, mvuke umetanda, wale Wafaransa wawili wanahangaika kusemezana kwa Kiingereza kibovu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye Mwingereza. Ulikuwa ukimwigiza Louis de Funès, macho yanakutoka, mdomo umeupinda, mpaka Mama anakuja kutoka jikoni na mwiko mkononi, anacheka hawezi hata kukugombeza. Nimecheka mengi tangu siku hizo, lakini sijacheka vile tena. Hilo nakupa, wala sikunyang'anyi.

Sasa tuseme mambo yenyewe. Bourvil ni fundi rangi. De Funès ni kondakta wa okestra, bwana mkubwa, mtu wa kupigiwa makofi. Njiani, wakiwatorosha wale Waingereza, viatu vinamuumiza de Funès, anamvua mwenzake vyake. Baiskeli ya mwenzake ni bora, anaitaka. Kisha inafika pale kwenye ukuta: anateleza, anatua mabegani mwa Bourvil, na badala ya kushuka anatulia huko huko juu, huyo wa chini ndiye anayetembea. Inasemekana haikuwa kwenye mswada kabisa, waliibuni wenyewe wawili pale pale kwenye upigaji picha, nayo ndiyo iliyokuja kuwa bango. Kwa hiyo, Kaka, kama ni lazima mmoja wetu awe Bourvil, tazama vizuri nani alikuwa chini.

Machi 1995, Bujumbura, watu wanayakimbia mauaji. Nyinyi mnaosoma na mliokuwa Buyenzi na Bwiza, mitaa yetu, hamhitaji kuelezwa. Baba yuko Kigoma kikazi, hajui kama tuko hai. Mama ana furushi kichwani na Bibi mkononi, na Bibi anasimama kila baada ya hatua chache kuuliza kama mlango umefungwa. Mimi nina miaka 11, mdogo wetu nimefungwa mgongoni kwa kitenge cha Mama. Alikuwa mzito, yule mtoto, alinyonya vizuri. Mkojo wake ulinilowesha, ukakauka kwa jua, ukanilowesha tena. Wewe una miaka 15, una nguvu kutuzidi sote, na begani umebeba deki. Umeifunga kwa shuka ili askari wasiione.

Njia ya Gatumba ilijaa watu mpaka huoni lami. Kabla ya kufika daraja la Rusizi miguu ikanigoma, nikakuita, nikakuomba unipokee mtoto kidogo tu, tuvuke daraja. Ukageuka. Ukasema, "Na deki nani ataibeba?"

Ukaendelea mbele.

Mimi sikukaa nayo hiyo moyoni, usije ukafikiri. Mtoto wa miaka 15 anajua nini? Tulipokuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, niliicheka, tuliporudi nyumbani niliicheka, hata ulipoondoka kwenda Ulaya nilimsimulia shemeji kwenye simu kwa mzaha, akacheka na yeye. Ilikuwa imeshakwisha. Ungeiacha ilale, ingelala mpaka tunazikwa. Lakini ukaiamsha mbele ya watu, ukaivika kanzu, ukaitoa ikiwa imegeuzwa kichwa chini miguu juu, halafu unaniuliza kwa nini nilitoka.

Nilitoka kwa sababu ningebaki ningesema. Hilo ndilo hutaki kulielewa. Wewe unaona nilikuaibisha kwa kutoka, hujui nilikusitiri. Mama alinifuata nje, akanishika mkono, akaniambia, "Mwache, ni mgeni huyo." Kaka yangu wa tumbo moja ameshakuwa mgeni wa kuvumiliwa! Neno hilo liliniuma kuliko hotuba yako.

Nakushauri kama ndugu, usisimulie mambo ya nyumbani mbele ya walioyaona. Brussels simulia upendavyo. Huko hakuna aliyekuwa Gatumba, au kama yupo ana yake ya kuficha. Hapa kuna watu walitembea nyuma yetu. Mke wa fundi baiskeli alikuwepo ukumbini, meza ya tatu, yeye ndiye aliyenipa maji kwenye kikopo cha Blue Band. Aliniangalia mimi, akakuangalia wewe, akaendelea kula. Unadhani alikuwa anafikiri nini? Mimi sina haja ya kusifiwa. Ningekuwa na haja hiyo nisingekaa miaka yote hii nageuza godoro la Mama na kushona sare za shule usiku. Hata hiyo cherehani ni wewe uliyeninunulia, nalisema mchana kweupe, na kila nikikanyaga pedeli nakuombea. Na nafasi ya kuondoka nilikuwa nayo, usijifanye hukumbuki. Karatasi zilikuwa mezani. Mtu mmoja ilibidi abaki na Mama, na hatukupiga kura.

Unajua kinachonishangaza? Filamu ile ilitoka 1966, vita vimekwisha miaka 21. Wafaransa walikata tiketi zaidi ya milioni 17 kuitazama, na mpaka 2008 hakuna filamu ya kwao iliyoifikia. Itazame tena kwa macho ya mtu mzima. Karibu kila Mfaransa anayetokea mle anasaidia: mcheza vikaragosi, watawa wa Beaune, wenye hoteli. Maboga yanaviringishwa barabarani pikipiki za Wajerumani zianguke. Mwisho wanaruka kwa ndege zisizo na injini, na askari mwenye makengeza anaitungua ndege ya wenzake. Ni tamu, naipenda mpaka kesho. Lakini mtu anatoka sinema akiamini kwamba na yeye angemficha Mwingereza chini ya kitanda. Na wapo waliofunga madirisha. Na waliofungua walilipa: aliyekamatwa akisaidia mwanajeshi wa anga, mwanamume alipigwa risasi, mwanamke akapelekwa kambini. Hayo hayachekeshi, ndiyo maana hayamo.

Wewe unakaa Schaerbeek, hapo Brussels. Andrée de Jongh alizaliwa hapo hapo kwenu, mwaka 1916, binti wa mwalimu. Agosti 1941 aliibuka Bilbao, kwenye ofisi ya konseli wa Uingereza, akiwa na mwanajeshi mmoja wa Kiskoti na vijana wawili wa Kibelgiji, amewatoa Brussels, akawapitisha Ufaransa nzima iliyojaa Wajerumani na kuwavusha milima ya Pirenei kwa miguu. Waingereza walidhani anawatega. Msichana wa miaka 24, mwembamba. Akarudi kuchukua wengine. Njia yake ikaitwa Comète. Kwa treni mpaka kusini, kisha usiku na mwongozaji Mbaski, mto Bidasoa unavukwa maji kiunoni. Peke yake alisindikiza zaidi ya watu 100. Januari 1943 Wajerumani wakamkamata, na alipowaambia kwamba kiongozi ni yeye, hawakumwamini. Baba yake walimpiga risasi Paris mwaka 1944. Yeye alitoka kambini akiwa hai, akasomea uuguzi, akaja kutibu wenye ukoma Kongo, hapa ng'ambo ya ziwa letu, kisha Kamerun, Ethiopia na Senegal. Alifariki 2007. Nilipoyasoma hayo nilitaka kukupigia simu usiku ule ule, nikakumbuka kwamba hatuzungumzi.

Sikuyaandika ili nijifananishe naye. Mimi nilibeba mtoto mmoja, njia moja, na hakuna aliyenitafuta kwa bunduki kwa ajili hiyo. Lakini nilimbeba.

Na hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Mdogo wetu hakumbuki kitu. Alikuwa hajafika hata miaka miwili. Anachojua ni kile kilichomo kwenye video ya harusi yake, na ameshaiweka kwenye simu, anaitazama, inamliza. Juzi kaja kunikumbatia akisema, "Dada, kumbe Kaka alinibeba." Watoto wake watakuja kuonyeshwa. Mimi kwenye video hiyo naonekana mgongo tu, natoka.

Kwa nini hukusimulia ya Uvira? Hiyo ni yako. Siku ya tatu hatuna unga, Bibi anahara, ukaitoa deki kwenye shuka, ukaipangusa vumbi kwa kiganja cha mkono wako, ukaenda nayo sokoni. Nilikufuata kwa mbali. Niliona yule mfanyabiashara anavyokudharau, anaibonyeza-bonyeza, na wewe unamwelekeza kwa upole jinsi ya kuingiza kaseti. Kaseti yenyewe ilikuwa bado ndani. Ulirudi na unga, dagaa na dawa ya Bibi, ukasema umepata bei nzuri, kisha ukaenda nyuma ya choo cha watu na kulia. Hukujua nilikuwepo. Tulikula hiyo deki wiki nzima. Ungesimama na kipaza sauti ukasema, "Nilibeba deki, nikaiuza, mkala," Wallahi ningekuwa wa kwanza kuinuka na noti, na zile ninazodaiwa za kodi ningezibandika hapo.

Mdogo wetu ameona sura yangu aliponikumbatia, siyo mjinga. Ameniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Sijamjibu. Nimemwambia akuulize wewe, na atakupigia Ijumaa baada ya swala.