Kwa nini vazi jipya la mtoto halitoki ndani ya siku nne

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Tanga alitutumia sisi tunaofuma mavazi ya watoto kwa kroshia picha ya kichanga aliyevalishwa vazi la twiga, kofia yenye pembe mbili na kaptula ya madoa, na chini yake ujumbe mfupi: "Dada, mwanangu anatimiza arobaini Jumamosi. Naomba unifumie kama hili." Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi. Nilimjibu kwamba simba tunaye, nyuki tunaye, nanasi lipo, ila twiga bado hatuna, na kwa siku nne hatutaweza kumtoa. Akachukua nyuki aliyekuwa ameshafumwa, na picha zimetoka nzuri sana. Lakini aliniuliza jambo ambalo sikulijibu vizuri siku ile: "Picha si unayo, kinachochelewesha ni nini?"

Nalijibu leo, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Picha inaonyesha upande mmoja tu wa vazi, tena baada ya mpiga picha kulinyoosha na kulibana pale linapopwaya. Haikuambii uzi ni wa unene gani, kofia ilianzia utosini au ukingoni, wala kichwa kilichomo ndani ni cha wiki mbili au cha miezi mitatu. Mama zetu walikuwa hodari wa kuiga kwa macho. Mama alikuwa akienda kwa jirani, anakaa kwenye kochi, anahesabu matundu ya kitambaa huku mazungumzo yanaendelea, na akirudi nyumbani anakifuma kama kilivyo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza hata mimi. Ila kitambaa cha kochi kikizidi sentimita mbili hakidhuru mtu. Kofia ya mtoto ikizidi hizo hizo mbili inamshukia machoni, na ikipungua inamwachia alama kwenye paji la uso.

Kwa hiyo kazi inaanza na vipimo. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa na kichwa chenye mzingo wa karibu sm 34 au 35. Akifika arobaini huwa kwenye sm 37 au 38, na akitimiza miezi sita amekaribia 43. Kofia inatakiwa ipungue kidogo kuliko kichwa ili ishike bila kubana, basi kwa mtoto wa arobaini nafuma ya sm 36. Gawanya 36 kwa 3.14, unapata duara la utosi lenye upana wa sm 11 na nusu hivi. Kabla ya kuligusa hilo duara nafuma kwanza kipande cha majaribio cha sm 10 kwa 10 na kuhesabu. Kwa uzi wangu wa pamba na sindano ya kroshia ya mm 4, singo 18, yaani vile vitanzi vifupi vya msingi, zinaingia kwenye sm 10. Sasa naweza kuanza: singo 6 duru ya kwanza, 12 ya pili, 18 ya tatu, kila duru naongeza 6, na nikifika singo 66 kwenye duru ya 11 utosi umetimia. Kutoka hapo siongezi tena, nashuka moja kwa moja hadi kwenye masikio.

Ukiongeza pungufu ya hapo, duara linajikunja mapema na kuwa kama bakuli. Ukizidisha, linafanya mawimbi kama pindo la gauni la marinda. Shika hayo mawimbi kichwani, nitayarudia.

Uzi nao una maneno yake. Tanga kipindi cha kaskazi, kuanzia Desemba, mtoto anatoka jasho hata akiwa na kitenge chepesi tu, na uzi wa akriliki, huu wengi wetu tunaouita uzi wa sweta, haunyonyi jasho. Hapa tunafuma kwa pamba. Mteja wa Lushoto akiagiza vazi hilo hilo mwezi wa saba, wakati kule ukungu umetanda hadi saa nne asubuhi, akriliki laini inamfaa zaidi, lakini ni nene kuliko pamba yangu, na hesabu zote nilizoandika hapo juu zinavurugika. Naanza upya na kipande cha majaribio.

Baada ya hapo ndipo twiga mwenyewe. Pembe zake zimenisumbua. Za kwanza nilizijaza pamba ya mito, zikasimama vizuri mezani. Nilipomvalisha mtoto wa dada yangu, mwenye wiki sita, uzito ukaivuta kofia nyuma na kichwa kikafuata. Mtoto wa umri huo shingo yake haijakaza. Nilimvua mara moja, na moyo ulinienda mbio kwa muda mrefu. Pembe za sasa hazina kitu ndani: nazifuma kwa sindano ndogo ya mm 2.5 hadi uzi unakazana na kusimama wenyewe. Madoa nayo nilitaka kuyafuma humo humo kwa kubadilisha rangi, nikakuta ndani ya kofia kumejaa nyuzi zinazopita kutoka doa hadi doa, na sikio la mtoto linaweza kunasa. Sasa kila doa linafumwa peke yake na kushonewa juu.

Kwenye usalama hatupunguzi kitu, hata mteja akiomba. Macho ya mnyama tunayadarizi, hatuweki ya plastiki wala vifungo, kwa sababu kinachoweza kung'oka kitaishia mdomoni. Hatuweki kamba ya kufunga chini ya kidevu. Ndani ya soksi kila ncha ya uzi inafichwa na kukatwa, maana uzi mmoja uliosahaulika ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unaweza kuzuia damu isipite. Na nakuomba sana, mama, picha zikiisha mvue mtoto kofia hata kama ameshalala. Kumwamsha ni afadhali kuliko kumwacha alale na joto lile kichwani.

Vazi likishakaa mwilini, bado mwongozo haujaandikwa. Wateja wetu karibu nusu hawanunui vazi, wananunua mwongozo wa Kiswahili wafume wenyewe, na huo ndio sehemu ngumu kuliko zote. Kilicho mikononi mwangu hakiko kwenye karatasi. Nimegundua naandika "endelea hivyo hivyo" mahali ambapo mimi nimebadilisha kitu bila kujua. Halafu kuna hili la majina: singo ya Marekani ndiyo dabo ya Uingereza, na watu wengi wamejifunza kupitia video za pande zote mbili. Ukifuma kofia yangu kwa dabo ya Kimarekani, ambayo ni ndefu kuliko singo, mahali nilipotaka singo, utapata ndoo. Kila mwongozo wetu sasa unaanza kwa kueleza singo ni ipi, kitanzi kwa kitanzi. Kisha naupeleka kwa wafumaji wawili ambao hawajaliona vazi, bila picha. Mmoja wao akinipigia simu kuuliza, kosa ni la kwangu na mstari ule unaandikwa upya.

Hesabu hapo: wiki tatu kama mambo yamekwenda vizuri, na mara nyingi zaidi ni mwezi na nusu.

Kuna kitu kingine kinachochelewesha, na hiki hakina kipimo. Wafumaji wanaonunua miongozo yetu wananiandikia kwamba mikono imekuwa mizito, hawaoni la kufuma. Nawaelewa kabisa. Mwaka jana masika yote, Machi hadi Mei, sikubuni kitu. Nilifuma oda za nyuki, nyuki baada ya nyuki, rangi ya manjano na nyeusi mpaka nikawa naziona nikifumba macho. Kila jioni nilikaa na simu kuangalia mavazi ya watu wa nchi nyingine, nikitegemea wazo litakuja. Badala yake nilizidi kukauka. Kila nilichokiona kilikuwa kimekamilika, kimepigwa picha kwenye mwanga mzuri, na mimi nina uzi mkononi na sijui pa kuanzia.

Mwishoni niliiweka simu chumba kingine na kujiwekea kazi ndogo: kila siku baada ya alfajiri, kipande kimoja cha sm 10, mtindo wowote, si lazima kifae kwa chochote. Mwanzoni niliiga pindo za kanga za mama, nikajaribu umbo la korosho, nikachanganya nyekundu, nyeusi na nyeupe za kisutu. Wiki ya tatu hivi uzi ulipungua, nikafungua kikapu ninachotupia kazi zilizoharibika ili nifumue nitumie tena. Humo nikakuta duara moja la zamani nililozidisha kuongeza, limejaa mawimbi, halilali mezani hata ukilikandamiza. Nilikuwa nalivuta nilifumue. Nikalizungushia ngumi yangu, na palepale nikamwona simba.

Unajua, manyoya ya simba yalikuwa yamenishinda kwa mwaka mzima. Nilikuwa nayafanya kwa nyuzi zinazoning'inia kama matamvua ya shali, na mtoto wa miezi sita alikuwa akizikamata na kuzinyonya mpaka zinalowa. Mawimbi yale hayana ncha. Kwenye ukingo wa kofia nafuma dabo tatu kwenye kila tundu, narudia duru ya pili, na ukingo unasimama wenyewe kuzunguka uso. Mtoto akivuta, anavuta kitambaa kizima. Ndiye simba mnayemwagiza sana sasa hivi. Kikapu kile sikifumui tena bila kukiangalia kwanza.

Kwa hiyo tunavyopokea oda ni hivi. Mavazi ambayo mitindo yake tunayo tayari, kuyafuma ni siku saba, kwa sababu kroshia haina mashine inayoifuma. Kila kitanzi kimepita mkononi mwa mtu. Tutumie mzingo wa kichwa cha mtoto, pima juu kidogo ya nyusi, na tuambie atavaa wapi, pwani au mlimani. Wa mikoani tunatuma kwa basi. Ukitaka mnyama ambaye hatuna, tuambie mimba ikiwa na miezi saba, tutakuwa na nafasi ya kumtafuta bila kumharakisha.

Twiga yuko njiani. Mfumaji wetu wa Muheza anaujaribu mwongozo wake wiki hii, na jana usiku alinipigia kuuliza mstari wa 14.