Kinga ya mtoto mchanga mwenye VVU haijalala

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikisikia, hata kwa wauguzi wenzangu, kwamba mtoto aliyezaliwa na VVU hudhoofika upesi kwa sababu kinga yake bado imelala. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na humfanya mzazi asione haja ya haraka maadamu mtoto ananyonya na uzito unapanda.

Seli za CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi, huweza kuitambua VVU tangu miezi ya mwanzo ya maisha. Huamka, ila huzidiwa. Virusi vilivyotoka kwa mama vimekwisha kubadilika ili kuikwepa kinga ya mama huyo, na kwa kuwa mtoto amerithi kwake nusu ya alama ambazo seli za kinga hutumia kumtambua adui, mara nyingi hupokea virusi vinavyozijua mbinu zake. Isitoshe, mtoto mchanga ana seli za CD4, zile zinazoongoza kinga, nyingi kuliko mtu mzima, na humo ndimo VVU huzaliana. Kwa mtu mzima virusi hupungua wiki chache baada ya kilele cha mwanzo, hata bila dawa; kwa mtoto vinaweza kubaki juu kwa mwaka mzima au zaidi.

Wingi huo wa CD4, ambazo hupimwa ili kujua nguvu ya kinga, ndio unaotudanganya. Katika utafiti wa CHER uliofanyika Soweto na Cape Town, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, watoto wa wiki 6 hadi 12 walikuwa na CD4 za asilimia 25 au zaidi ya limfositi (aina ya seli nyeupe za damu), yaani walionekana wazima. Kati ya 125 waliosubirishwa dawa, 20 walifariki. Kati ya 252 walioanzishiwa ARV mara moja, walifariki 10. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mtoto mwenye VVU aliye chini ya mwaka mmoja aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke.

Kipimo cha haraka hakitusaidii kumtambua mtoto huyo, kwani kingamwili za mama huweza kubaki mwilini mwake hadi miezi 18. Kinachohitajika ni PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe badala ya kingamwili. Kwa hiyo ninaomba waandishi wenu, wanapotembelea kliniki za mama na mtoto, waulize: damu iliyokaushwa kwenye karatasi mtoto akiwa na wiki sita, majibu yake humfikia mama baada ya siku ngapi?

Muuguzi mstaafu,
Morogoro