Shangazi, Wafikishe Wanafunzi Wako kwa Mvulana wa Turkana

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba utawaleta wanafunzi wako Nairobi kuyatembelea Makumbusho ya Taifa, na kwa kuwa nilipita humo hivi karibuni, nina ombi moja: msiumalize muda wote kwenye ndege waliokaushwa, bali mbakishe wa kutosha kwa mabaki ya binadamu wa kale.

Humo ndimo ilimo mifupa ya Mvulana wa Turkana, wa jamii ya binadamu wa kale iitwayo Homo erectus, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Meno yake yaonyesha kwamba alikufa angali mtoto, ilhali kimo chake kilikwisha kukaribia sentimita 160. Waambie wanafunzi waitazame miguu kwanza. Fuvu, pamoja na tuta la mfupa juu ya macho na taya isiyo na kidevu, litawafanya wamwone mgeni. Lakini mifupa ile mirefu ya mapaja ni ya kiumbe aliyetembea wima kama sisi, na nadhani hapo ndipo mtoto atakapoanza kumtambua kuwa jamaa.

Linalonigusa zaidi ni namna alivyopatikana. Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa mabaki ya kale, alikiona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu katikati ya changarawe ambayo rangi yake haikutofautiana sana nacho. Wengi wetu tungalikikanyaga tukapita. Kikundi chake kikachimba na kuuchekecha udongo, mfupa mmoja ukifuata mwingine, hadi ikapatikana sehemu kubwa ya mwili mzima. Kimeu alianza kazi hiyo kwa kuajiriwa kama mchimbaji tu, bila elimu ya chuo kikuu, na miaka 20 kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuipata taya ya Peninj, ya jamaa mwingine wa kale wa binadamu, karibu na Ziwa Natron, nchini Tanzania. Familia ya Leakey, watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, hutajwa sana, na inastahili. Ila inaniuma kwamba mtoto wa Kenya aweza kumaliza shule bila kulisikia jina la Kimeu. Tafadhali liandike ubaoni kabla hamjaanza safari.

Waeleze pia juu ya zana za mawe za Lomekwi, upande huohuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3, yaani zaidi ya maradufu ya umri wa mvulana huyo. Watataka kujua nani alizichonga, nalo ni swali ambalo wataalamu wenyewe wangali wanalijadili.

Mimi mwanao.