Pweza naye apigwe ganzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu nistaafu. Kwa miaka 11 nilihudumia matangi ya maabara. Panya walikuwa na daftari lao: dozi ya ganzi, saa walipozinduka, nani kawatazama. Pweza hakuwa nalo. Nilipouliza, mtafiti mmoja alinijibu, "Huyo hana uti wa mgongo." Yakaishia hapo.

Siku moja pweza alirudishwa tangini kakatwa ncha ya mnyiri. Aliukumbatia ule wenye jeraha kwa minyiri mingine, akajisukuma ndani ya chungu chake, akavuta gamba la chaza kuziba mlango. Kaa niliyemtupia alitembea humo mpaka kesho yake. Na pweza huyo, siku zote, kaa hakumaliza dakika mbili!

Mtasema ni huruma za mzee. Lakini mwaka 2021 ulichapishwa utafiti kuhusu pweza waliochomwa sindano ya asidi: walijitafuna ngozi pale pale palipochomwa, na chumba walichowekwa baada ya sindano wakakikwepa. Walipotiwa dawa ya ganzi, kujitafuna kukakoma.

Uingereza ilimlinda pweza wa kawaida maabarani tangu 1993. Umoja wa Ulaya ukawaingiza jamii yote ya pweza, ngisi na dome katika sheria yake ya mwaka 2010. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama inahesabu wenye damu moto tu.

Kinachoniudhi zaidi ni ngisi. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walipata tuzo ya Nobel mwaka 1963 kwa kueleza jinsi neva, yaani mshipa wa fahamu, inavyopeleka ujumbe, na neva yenyewe ilikuwa ya ngisi. Aliyetufundisha neva ndiye tunayemwambia hahisi?

Wala hatudai makubwa. Kloridi ya magnesiamu, chumvi inayotumika kuwapiga ganzi wanyama hawa, ipo, na utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba inazima hisia zenyewe, si kulegeza misuli tu. Pweza apewe pango na akae peke yake, maana hulana. Ngisi awekwe kwenye tangi la duara. Kwenye pembe hujigonga mpaka ngozi ichubuke. (Na fundi asifunge koki ya shaba. Shaba ikiingia majini, huwaua.)

Miezi yangu ya mwisho nilianza kuandika habari za pweza nyuma ya daftari la panya. Kurasa tupu zilibaki nyingi.

Mhudumu mstaafu wa maabara