Uzi Usio na Ncha

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Atupele,

Ugonile. Mvua haijakata tangu juzi, chai haichumiki, ndiyo nimepata muda wa kusoma uliyoniandikia kuhusu RNA za mviringo, zile nakala za jeni zilizofungwa kama pete. Nilifundisha baiolojia miaka 26 bila kuzitaja hata siku moja. Kwetu RNA ilikuwa uzi wenye ncha mbili, basi.

Nimekumbuka sweta la bibi yako. Ulikuta uzi umechomoza mkononi, ukauvuta hadi mkono mzima ukafumuka. Vimeng'enya vingi huila RNA hivyohivyo, vikianzia nchani. Mwisho ukiungwa na mwanzo, vitashika wapi? Ndiyo maana pete hizo hudumu, hata kwenye damu, na watafiti wanatamani zisaidie kugundua saratani mapema.

Wanatamani, mwanangu. Shangazi yako anasema umeshamwahidi kipimo! Itazame ciRS-7, mojawapo ya pete hizo. Mwaka 2013 ilionyeshwa kuwa ina sehemu zaidi ya 70 za kunasa miR-7, kijiRNA kinachozima baadhi ya jumbe za ukuaji. Hoja ikanoga: pete inanasa walinzi, seli zinakua ovyo. Mwaka 2020 watafiti wakachungulia ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, mahali kwa mahali, wakakuta pete hiyo haimo kwenye seli za saratani zenyewe. Imejaa kwenye tishu inayozizunguka. Ukisaga uvimbe wote pamoja, utajuaje unga upi ni wa mahindi na upi wa pumba?

Zile alama za m6A ulizoniandikia ndizo zilizoninyima usingizi. Ni kikundi kidogo cha methili kwenye herufi A ya ujumbe wa RNA. Kimeng'enya METTL3 hukibandika, kingine, FTO, hukibandua, na katika leukemia kali ya mailoidi, aina ya saratani ya damu, vyote viwili vimeonekana kuisaidia saratani. Nilidhani nimesoma vibaya, nikafuta miwani nikarudia. Kumbe inategemea alama iko kwenye ujumbe upi, na protini ipi inaisoma. Dawa ya kuzuia METTL3 imeshaanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Hiyo nayo usimtajie shangazi.

Ukishuka kutoka Mbeya, mpitie pale Kiwira umpeleke kwenye kile kipimo cha siki cha saratani ya shingo ya kizazi. Hicho kipo tayari, naye anakikwepa tangu mwaka juzi. Mimi kaka yake siwezi kumsemesha mambo hayo. Nauli yenu nimeiweka kwenye simu yako.

Baba yako