Mjomba, siku yako moja ya Slovenia ipeleke Idrija

Shikamoo Mjomba,

Nasikia wote wanakupigia debe ziwa Bled. Ni zuri, sikatai, lakini mtu aliyeshika zebaki kwenye mialo ya kuoshea dhahabu Geita miaka yote hiyo ana jambo lake Idrija. Mji huu mdogo chini ya Alpi umekalia mgodi wa zebaki uliochimbwa kwa karne 5, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Almadén, Hispania. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka yote miwili pamoja kwenye urithi wa dunia.

Treni haifiki huko. Panda basi la asubuhi kutoka mji mkuu, Ljubljana, kilomita 60 hivi. Mbele kuna kona nyingi, kwa hiyo chai nzito iache hadi ufike.

Anza na Antonijev rov, njia ya chini ya ardhi iliyoanza kuchimbwa mwaka 1500. Huruhusiwi kuingia peke yako, na makundi huingia kwa saa maalumu, hivyo angalia ratiba yao kabla ya kuchagua basi. Helmeti na koti utapewa, ila ndani ni nyuzi 13 kiangazi na masika: vaa sweta chini ya koti. Viatu viwe vya kufunika, vyenye soli ya kushika, maana ni kutembea zaidi ya kilomita moja, kuna ngazi, na sakafu ina majimaji. Magoti yako yakisumbua, sema mapema.

Humo utaona matimba, magogo ya kuzuia mwamba, kama ya kwenye duara, mashimo yetu ya dhahabu, na jiwe jekundu la sinabari, ambalo ndani yake zebaki imeshikana na salfa. Kisha tazama jiwe jeusi kwa karibu, tochi ikiwa ubavuni. Utaona vitone vya fedha vimening'inia kwenye nyufa kama jasho. Hiyo ni zebaki yenyewe, haijachomwa wala kusafishwa na mtu. Usiiguse.

Ukitoka, usifanye kosa la wengi la kuruka kiwanda cha kuyeyushia. Hapo ndipo patakapokugusa. Sinabari ilichomwa kwenye tanuru, salfa ikaondoka na hewa, zebaki ikapanda kama mvuke (huchemka kwenye nyuzi 357) na kupitishwa kwenye mabomba ya kupoozea hadi irudi kuwa maji. Retoti, kile chombo kilichofungwa cha kuchomea dhahabu yenye zebaki, hufanya kazi hiyohiyo. Ukiichomea kwenye karai la wazi, mvuke huo hauna pa kwenda ila mapafuni. Daktari Scopoli, aliyeletwa mgodini mwaka 1754, aliandika kuhusu wachimbaji waliotetemeka mikono. Unawajua wa namna hiyo kwetu.

Na ile chupa ya chuma ya kubebea zebaki usidharau umbo lake: lita 2 na nusu tu, lakini kilo 34.5.

Kamšt ni gurudumu la mbao la kutoa maji mgodini, lenye kipenyo cha mita 13.6. Lilianza kazi mwaka 1790 na kuendelea hadi 1948. Simama chini yake uangalie juu. Kwenye ngome ya mji pana jumba la makumbusho. Ukichoka, lipite haraka. Shangazi mnunulie lesi, ila uliza kama imefumwa kwa mkono, maana ya mashine inafanana nayo na bei ndiyo inayosema.

Chakula cha hapo ni žlikrofi, vifuko vya unga vyenye viazi, kitunguu na majani ya viungo, vimekunjwa kama kofia. Uliza kwanza: kwa kawaida kujazia kwake kuna mafuta ya nguruwe, na mchuzi wa kondoo wa pembeni hauondoi hilo.

Kutoka Kamšt fuata mfereji wa Rake kwa miguu, kama kilomita 3, njia tambarare, hadi Divje jezero. Ziwa ni dogo, rangi ya kijani kibichi, lakini wazamiaji wameshuka mita 160 bila kukuta mwisho. Mvua ikinyesha sana, maji hupanda kwa nguvu kutoka chini, hivyo usikae ukingoni.

Mabasi ya jioni ni machache, hasa Jumapili. Ukishuka tu asubuhi, piga picha ya ratiba ya kurudi.