Wake wa askari nao wafundishwe

Ndugu Mhariri,

Kila yanapotajwa matatizo ya akili ya askari wetu wa Uganda waliotoka vitani Somalia, hakosi mzee wa kusema kwamba maradhi haya ni ya siku hizi, wapiganaji wa zamani walikuwa na moyo. Si kweli. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, aliandika habari za Epizelos, Mgiriki aliyepofuka katika vita vya Marathon mwaka 490 kabla ya Kristo bila kuguswa na silaha yoyote. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu, Musa anawaamuru waliotoka vitani wakae nje ya kambi siku saba. Na Waingereza waliotufundisha gwaride? Katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliwaua askari wao 306 kwa makosa kama utoro na uoga, wakaja kuwasamehe mwaka 2006. Wamsamehe nani, mifupa?

Waacholi wa kaskazini mwa nchi yetu wana desturi iitwayo nyono tong gweno: aliyetoka vitani porini hukanyaga yai bichi kabla ya kuingia bomani, jamaa zake wakishuhudia. Mimi Mwislamu wa Bombo, mambo ya mayai siyajui. Ila pale ukoo mzima unajua kuwa huyu karudi na mzigo.

Sisi je? Jeshi letu liko Somalia tangu Machi 2007. Mume wangu alishushwa na lori jioni, begi begani, nikapika pilau, basi. Usiku kitanda hakitaki. Analala sakafuni, mgongo ukutani, uso mlangoni. Boda ikitoa mlipuko barabarani anawavuta watoto chini. Majirani wakaniambia karogwa, au ana mwanamke. Hospitali hataki kusikia: anaogopa jina lake litakatwa kwenye safari ijayo, na pesa za huko ndizo zilizoezeka nyumba hii.

Tiba ipo. Kwenye makazi ya Nakivale wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wenzao kwa kusimulia. Katika tiba hiyo hutandazwa kamba chini, ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye jema huwekwa ua, penye baya jiwe. Kisha anasimulia, jiwe baada ya jiwe, na msikilizaji hamruhusu kuruka lile zito. Wakimbizi wale hawakuwa madaktari, na wagonjwa wao walipata nafuu.

Basi na kambini wafundishwe askari wastaafu na wake zetu. Anayemsikiliza askari asiwe chini ya kamanda wake, maneno yasije yakafika ofisini. Na kabla kikosi hakijapewa likizo, tuitwe hata siku moja tuambiwe tutarajie nini. Kwamba mtu wa namna hii haamshwi usingizini kwa kumgusa, unasimama mbali na kumwita kwa jina, mimi niliambiwa na mke wa sajini tukichota maji bombani, wakati mume wangu alikuwa ameshanikaba koo mara moja.

Mke wa askari,
Bombo